Nansha: Kutoka Njia ya Meli Hadi Kituo cha Wasafiri

Nansha ni wilaya ya kusini kabisa ya jiji la Guangzhou, mahali ambapo Mto wa Lulu, unaoitwa Zhujiang kwa Kichina, unamwaga maji yake katika Bahari ya Kusini ya China. Mstari wa Tropiki ya Kansa unapita kaskazini mwa jiji hilo, na kwa hiyo Nansha imo ndani ya ukanda wa joto, pamoja na mvua zake nzito za kiangazi, tufani zinazotoka baharini na mikoko inayoota penye matope. Msafiri wa leo anayepanga safari katika jimbo la Guangdong, lenye milima upande wa kaskazini, miji mikubwa katikati na pwani ndefu yenye jamii zinazosema Kikantoni, Kihakka na Kiteochew, huikuta Nansha miongoni mwa mahali anapoweza kwenda kutazama ndege, kuzuru hekalu au kupanda meli ya kitalii. Jambo hilo ni jipya sana. Kwa zaidi ya miaka elfu moja manahodha kutoka Uajemi, Uarabuni, India na baadaye Ulaya walipita katika maji haya bila hata mmoja wao kuwa na Nansha moyoni kama mwisho wa safari yake. Historia ya mahali hapa inaonyesha kwamba hiari ya msafiri huja mwishoni, baada ya upepo, kina cha maji, sheria za watawala na fedha za wenye mali kuwa zimekwisha kupunguza sana idadi ya njia zilizo wazi mbele yake.

Maelezo ya zamani yaliyo wazi zaidi kuhusu kuingia katika mto huu kutoka baharini yamo katika kitabu cha Kiarabu kuhusu habari za China na India, ambacho sehemu yake ya kwanza iliandikwa mwaka 851 na mwandishi asiyetajwa jina, na sehemu ya pili ikaongezwa katika karne ya 10 na Abu Zayd wa Siraf, mji wa bandari katika pwani ya Uajemi. Kitabu hicho kinaeleza kwamba meli hupita kwa siku saba katikati ya milima inayochomoza baharini, iliyoitwa Milango ya China, kisha huingia katika hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na humo maji ya chumvi hugeuka kuwa maji baridi mpaka meli zifike Khanfu, jina ambalo Waarabu waliupa mji wa Guangzhou. Nansha imekaa katika hori hilo, mahali ambapo bahari na mto hukutana na maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Rubani, kwa maana ya asili ya neno hilo katika lugha ya mabaharia, yaani mtu anayeijua njia ya maji na kuiongoza meli ndani yake, alipaswa kuyajua mafungu ya mchanga yaliyofichika chini ya uso wa maji, na kwake visiwa vya vilima ambavyo leo ni sehemu ya Nansha vilikuwa alama za njia tu.

Huko Khanfu mgeni hakuwa na hiari kubwa. Kitabu hicho kinasema kwamba bidhaa zilizofika zilichukuliwa na maofisa na kuwekwa katika maghala hadi miezi sita, mpaka meli ya mwisho ya msimu iwe imeingia, ndipo serikali ilipotwaa sehemu tatu katika kila kumi kama ushuru na kuwarudishia wafanyabiashara zilizobaki. Waislamu waliokaa mjini humo walikuwa na kadhi wao aliyewaamulia mashauri yao kwa idhini ya mtawala wa China. Utaratibu huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa ulimlinda mgeni na kumhakikishia soko, lakini vilevile ulimfunga mahali pamoja, na mfanyabiashara aliyetaka kuuza kwingineko katika nchi hiyo kubwa alitakiwa kuwa na hati za serikali zilizotaja jina lake, watu aliofuatana nao na mali aliyoibeba. Abu Zayd anasimulia pia jinsi waasi walioongozwa na Huang Chao walivyouteka mji huo kuelekea mwisho wa miaka ya 870 na kuwaua wageni wengi, Waislamu, Wakristo, Wayahudi na Wazoroasta. Baada ya maafa hayo meli za Siraf na Oman ziliacha kufika China na zikawa zinaishia Kalah, bandari iliyokuwa katika rasi ya Malay, zikikutana huko na meli za Wachina. Uasi mmoja ulitosha kulihamisha soko zima mbali na mdomo wa Mto wa Lulu.

Al-Masudi, mwanahistoria na mwanajiografia wa Baghdad aliyeieleza hali hiyo ya Kalah, alisafiri mwenyewe kati ya Oman na Qanbalu, kisiwa cha pwani ya Afrika Mashariki ambacho wataalamu wengi hukihusisha na Pemba, mara ya mwisho ikiwa karibu na mwaka 916. Aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China, na kwamba pembe zingekuwa tele katika nchi za Waislamu kama zisingalivutwa na masoko hayo ya mashariki. Kwa njia hiyo pembe kutoka bara la Afrika ziliweza kupita mbele ya visiwa vya Nansha kabla Mswahili yeyote anayejulikana kwa jina hajafika huko. Habari zilisafiri pia kuelekea upande wa pili, kwa kuwa Jia Dan, waziri na mwanajiografia wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 805, alikuwa ameandika maelezo ya njia ya bahari kutoka Guangzhou hadi Ghuba ya Uajemi, na ndani yake alitaja nchi ya mbali iitwayo Sanlan, ambayo baadhi ya wataalamu wameiweka katika pwani ya Afrika Mashariki. Kumbukumbu za enzi ya Song nazo zinataja wajumbe wa nchi ya Cengtan waliofika mwaka 1071 na tena mwaka 1083. Baadhi ya wasomi wanaiona nchi hiyo kuwa ni Zanj, na wengine wanaitafuta katika milki ya Waseljuki, lakini wote wanakubali kwamba wajumbe hao walikuja kwa bahari kutoka magharibi.

Katika pwani ya Waswahili ushahidi wa biashara hiyo umebaki ardhini. Vigae vya kaure na vya vyungu vya China vimefukuliwa Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, Gedi, Kilwa na kwingineko, na mwaka 1945 huko Kajengwa, karibu na Makunduchi katika kisiwa cha Unguja, palipatikana hazina ya sarafu za China ambazo nyingi zilikuwa za enzi ya Song. Vitu hivyo visichukuliwe kuwa ushahidi kwamba watu wa Kilwa na watu wa Guangzhou walikuwa wakitembeleana, kwa sababu pepo za msimu zilizuia safari ya moja kwa moja kwa namna ambayo leo ni rahisi kuisahau. Chombo kilichotoka Ghuba au India kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi katika mzunguko wa mwaka mmoja, lakini kilichokwenda kusini zaidi kilijiweka katika hatari ya kukosa upepo wa kurudi, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoipa Kilwa utajiri wake na kuilazimisha dhahabu ya Sofala ipitie mikononi mwa watu wa Kilwa. Guangzhou ilikaa katika ncha nyingine ya mfumo huohuo wa pepo, na mfanyabiashara aliyefika huko alibaki miezi mingi akingoja upepo ugeuke. Miji yote miwili ilitajirika kwa sababu ilikuwa mahali pa kungojea.

Wakati meli hizo zilipokuwa zikipita, sehemu kubwa ya nchi ambayo leo inaitwa Nansha haikuwepo. Vilima vyake vya zamani vilikuwa visiwa, na watu waliishi humo tangu kale, kwani katika kijiji cha Lujing wanaakiolojia wamefukua makazi na mifupa ya binadamu yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Nchi tambarare inayoviunganisha vilima hivyo ilizaliwa na mto, ulioleta tope kutoka bara na kulitua pale ambapo nguvu ya maji matamu ilikutana na nguvu ya bamvua, yaani maji makubwa ya bahari. Wenyeji walikuwa na hatua tano za kuieleza ardhi inayozaliwa: hatua ya kwanza ni samaki kuogelea, ambapo tope bado liko chini sana, ya pili ni kasia kugusa, ambapo mwendeshaji wa mashua huanza kuhisi ardhi chini ya kasia lake, ya tatu ni korongo kusimama, ambapo ndege mwenye miguu mirefu aweza kusimama maji yanapokupwa, ya nne ni nyasi kuota, na ya tano ni shamba lililozungushiwa tuta. Mfuatano huo ulikuwa pia mfuatano wa sheria na fedha, kwa sababu mtu angeweza kudai haki juu ya fungu la mchanga lingali chini ya maji, akalipa kodi yake, akaliuza au kulirithisha kwa watoto wake kabla halijatoa hata punje moja ya mpunga.

Mashamba hayo yaliitwa shatian, yaani mashamba ya mchanga, na uchimbaji wa mifereji na ujenzi wa matuta yake ulienea sana katika enzi za Ming na Qing, kati ya karne ya 14 na ya 19. Kazi ilianza kwa kutupa mawe majini ili kupunguza mwendo wa mkondo na kulifanya tope litue, ikafuata kupanda matete na nyasi za kulishika, na mwishoni likajengwa tuta lenye malango ya maji ya kuruhusu maji baridi yaingie na kuzuia ya chumvi. Gharama zake zilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mkulima mmoja. Walioziweza ni koo kubwa zilizokaa katika miji ya nchi kavu ya zamani, kama ukoo wa He wa Shawan, ambao mali yake ilisimamiwa kwa jina la jumba la mababu liitwalo Liugeng Tang, na ambao ulimiliki mashamba makubwa katika pande hizi za kusini. Ukoo uliokuwa na jumba la mababu, vitabu vya nasaba na wasomi waliofaulu mitihani ya serikali uliweza kuithibitisha haki yake mbele ya hakimu. Waliolima na kuvua hawakuwa na hayo.

Hao walikuwa watu wa mashua, waliojulikana kwa jina la Danjia, ambalo wenyewe waliliona kuwa la dharau na ambalo badala yake wengi wao hupendelea kuitwa watu wa majini. Waliishi ndani ya mashua au katika vibanda vya nyasi vilivyojengwa juu ya matuta, kwa mstari mrefu mmoja kandokando ya mfereji, na katika vizazi vingi walizuiwa kujenga nyumba za matofali katika nchi kavu, kuoana na watu wa vijiji vya koo na kufanya mitihani ya serikali. Mwaka 1729 mfalme Yongzheng alitoa amri ya kuwaruhusu wakae nchi kavu, lakini amri hiyo haikutosha kuvunja desturi iliyowafaidia wenye mashamba. Nyimbo zao za majibizano, ziitwazo nyimbo za maji ya chumvi, ambazo mwanamume na mwanamke huimbiana kutoka mashua hadi mashua au ng'ambo ya mfereji, bado zinaimbwa katika pande za Panyu, Nansha na Zhongshan, na leo zinatambuliwa rasmi kuwa urithi wa utamaduni. Historia yoyote ya Nansha inayoanza na bandari na hoteli inawafuta watu hawa mara ya pili, kwa kuwa wao ndio walioikanyaga ardhi hii ilipokuwa bado tope na kuifanya iweze kukanyagwa na wengine.

Sheria ilirudi kuamua njia za wageni mwaka 1757, wakati mfalme Qianlong alipoagiza kwamba wafanyabiashara wa Ulaya wafanye biashara Guangzhou peke yake, kati ya bandari zote za China. Meli iliyokuja kutoka Ulaya ilisimama kwanza karibu na Makau, ikachukua rubani mwenye kibali, ikapita mlangobahari wa Humen, ambako hati zake zilikaguliwa chini ya ngome za mizinga, kisha ikatia nanga Huangpu, ambako ilipimwa urefu na upana ili ushuru wake ukadiriwe. Wageni waliruhusiwa kukaa katika nyumba zao za biashara nje ya kuta za mji wakati wa msimu tu, na msimu ulipokwisha walirudi Makau, ambako walilazimika kuwaacha wake zao kwa sababu wanawake wa kigeni walikatazwa kufika Guangzhou. Mlangobahari wa Humen uko kati ya Nansha upande wa magharibi na Dongguan upande wa mashariki, na ngome ya Dajiao upande wa Nansha ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupitwa na meli zilizoingia kutoka kusini. Upande wa mashariki, mwezi wa Juni 1839, kamishna Lin Zexu aliteketeza zaidi ya masanduku 20,000 ya afyuni iliyoletwa na Waingereza. Tarehe 7 Januari 1841 jeshi la Waingereza liliiteka ngome ya Dajiao pamoja na ile ya Chuanbi iliyoikabili, na mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 ukafungua bandari tano. Shanghai ilikuwa mojawapo, na biashara iliyokuwa imefungwa kwa amri katika mto huu ilianza kuhamia huko kwa kasi kubwa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki safari yenye uzito zaidi katika maji haya ni ile iliyoelekea upande wa pili karibu miaka 130 baadaye. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, na mafundi na wafanyakazi wengi wa China walioijenga walipanda meli huko Huangpu, miongoni mwake meli ya abiria ya Yaohua, wakateremka mto na kupita Humen kuelekea Bahari ya Hindi. Hawakuichagua Tanzania wala Zambia; walitumwa na serikali yao, kama ambavyo wenyeji wao hawakuchagua siku za wageni hao kufika. Nansha wakati huo ilikuwa sehemu ya Panyu yenye mashamba ya mpunga, miwa na migomba, isiyofikika kwa urahisi kutoka mjini kwa sababu ya mito mingi isiyo na madaraja.

Mabadiliko yaliyoifanya Nansha kuwa mahali pa kwenda yalianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na mtu aliyefungamana nayo zaidi ni Henry Fok, anayejulikana kwa Kichina kama Huo Yingdong, tajiri wa Hong Kong aliyezaliwa mwaka 1923 katika familia ya watu wa mashua yenye asili ya Panyu. Fok aliweka fedha katika gati za vivuko, barabara, hoteli na uwanja wa gofu, na kuanzia mwaka 1994 akagharimia kujengwa upya kwa hekalu la Tianhou, mlinzi wa mabaharia, ambalo lilikuwa limesimama tangu enzi ya Ming na kuharibiwa katika vita na Wajapani. Hekalu lilifunguliwa mwaka 1996 kwenye mteremko wa kilima cha Dajiao, likiielekea bahari, na siku ya 23 ya mwezi wa tatu wa kalenda ya mwezi waumini wengi hukusanyika hapo kuadhimisha kuzaliwa kwa Tianhou. Kwamba mtoto wa watu wa mashua ndiye aliyelirudisha hekalu la mabaharia ni jambo linalostahili kutazamwa kwa heshima, hata kama miradi yake mingine ilikuwa ya biashara.

Hata hivyo fedha za mtu mmoja hazizai watalii. Wiki yenye siku mbili za mapumziko ilianza China mwezi wa Mei 1995, likizo ndefu ya Sikukuu ya Taifa ikafuata mwaka 1999, na kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida wa Guangzhou akawa na muda wa kusafiri bila kuomba ruhusa. Alichoweza kukichagua kiliendelea kupangwa na serikali: mwezi wa Agosti 2003 wakazi wa jiji hilo waliruhusiwa kwenda Hong Kong mmojammoja badala ya kwa vikundi, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo, katika mkutano wa China na Afrika uliofanyika Addis Ababa, Kenya, Tanzania, Ethiopia, Zambia na nchi nyingine nne za Afrika ziliingizwa katika orodha ya mahali ambapo vikundi vya watalii wa Kichina vingeweza kupelekwa. Tanzania yenyewe inaifahamu hali hii kwa upande wa mwenyeji. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971 na kuielekeza safari ya mgeni kaskazini, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, wageni waliokuwa wakiingia Serengeti kutoka Nairobi walikatiwa njia. Ruaha na Kilwa zilibaki na wageni wachache kwa miongo mingi, ingawa uzuri wake haukupungua.

Nansha ilifanywa wilaya kamili mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya gati za kontena kuanza kazi katika kisiwa cha Longxue, ambacho kimepanuliwa kwa kujaza bahari, na mwaka 2012 serikali kuu ikaitangaza kuwa eneo jipya la maendeleo la ngazi ya taifa. Gati jipya la meli za kitalii lilifunguliwa mwezi wa Novemba 2019. Katika ncha ya kusini ya Wanqingsha, mahali ambapo matuta ya mwisho yanakutana na bahari, eneo la ardhioevu lililopandwa mikoko huwapokea ndege wanaohama kutoka kaskazini wakati wa baridi, na wakazi wa Guangzhou huja kuwatazama kwa mashua. Tope lililoizaa nchi hii limekuwa gharama, kwa kuwa njia ya meli kubwa za kontena hubaki wazi kwa sababu tu mashine zinalichimba na kulitoa kila wakati. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala wanaonunua vigae na samani Foshan, taa Guzhen na nguo katika masoko ya Guangzhou hutua kwa ndege katika uwanja wa Baiyun, hukaa Xiaobei au Sanyuanli kwa muda ulioandikwa katika viza zao, na huwaachia mawakala kazi ya kujaza kontena na kuzipeleka Nansha, ambako hupakiwa katika meli za kwenda Mombasa na Dar es Salaam.